Panya wa Shungi na Mti wa Sumu

Katika mahuluku wanaotembea usiku kwenye misitu na majabali, kuanzia Uhabeshi na nchi ya Wasomali mpaka Kenya, Uganda na kaskazini ya Tanzania, yumo mmoja ambaye watu wengi huishi jirani naye umri wao wote wasimwone: panya wa shungi, aliye na kimo cha sungura mdogo na manyoya marefu ya kijivu. Wataalamu wa Ulaya walimjua kwa njia ya sadfa, kwani mtu aitwaye Imhaus alimnunua mmoja katika bandari ya Aden, na mwaka 1867 Mfaransa Alphonse Milne-Edwards akamwandika katika vitabu vya elimu kwa jina la mnunuzi huyo.

Mnyama huyu ni mzito wa mwendo, na panya mwingine mwenye upungufu huo angekwisha liwa zamani; lakini yeye, akisumbuliwa na mbwa au mnyama mla nyama, aghalabu hakimbii, bali husimama, akainua shungi la mgongoni, akafunua ubavuni mstari wa manyoya ya namna ya pekee, na kumgeuzia adui ubavu huo, kana kwamba amwambia aume papo hapo. Aumaye hupata kinywani sumu ya msunguti, mti ule ule ambao Wagiriama na Wawaata wa pande za Tsavo, wawindaji mashuhuri wa ndovu, walikuwa wakiuchemsha kwa muda mrefu hata ukatoa utomvu mweusi mzito, wakaupaka katika mishale yao. Sumu hiyo hushika moyo, na iliweza kumwangusha ndovu; basi mbwa atasalimika wapi?

Panya hachemshi kitu. Hutafuna gome la msunguti bila kudhurika, akalichanganya na mate, kisha akaramba manyoya yale ya ubavuni, yale tu. Na manyoya hayo hayakuumbwa kama mengine, kwa kuwa ganda la kila unywele limetobokatoboka, na ndani yake zimo nyuzi nyembamba mno zinazofyonza mate na kuyahifadhi. Jonathan Kingdon na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2011, na kabla ya hapo wapo waliodhani kwamba sumu hutoka katika mwili wake mwenyewe.

Hata hivyo, kwangu mimi habari iliyo tamu zaidi ilikuja mwaka 2020, pale Sara Weinstein wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake walipowanasa panya hawa 25 nchini Kenya na kuwatazama usiku kwa kamera. Si wote waliojipaka sumu. Lakini mnyama aliyedhaniwa kuwa mpweke na mkali alionekana akiishi na mwenzake, dume na jike, wakifuatana, wakisafishana manyoya na kukoroma kwa raha. Chakula chao ni mimea, na tumbo lao limegawanyika vyumba vyumba ili kuichachua.

Maisha ya namna hii hayaelekei uzazi wa wingi tuuonao kwa panya wa ghalani, maana jike huzaa watoto wachache tu. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile limemweka katika daraja la wanyama wasiohofiwa kutoweka, nami sioni kuwa daraja hilo lafaa kututuliza, maadam mnyama wa usiku, ajifichaye mapangoni na katika miti yenye mashimo, ni mgumu kuhesabiwa, na misitu ya nyanda za juu inazidi kukatwa kwa mashamba, kuni na makaa. Silaha yake ilikusudiwa meno: gari lipitalo usiku haliumi, wala panga haliumi. Tena kila gogo kuukuu lenye shimo likiondolewa ni nyumba moja imeondoka, na msunguti ukifyekwa pamoja nalo, panya hana tena pa kuchukua sumu yake. Wenye mashamba kandokando ya misitu hiyo wangeweza kuanzia hapo, kwa kuiacha miti hiyo miwili isimame mipakani.