Kabla ya Kumwajiri Binti wa Kazi, Uliza Umri Wake



Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Babati, mama mmoja wa jumuiya yetu alinisimamisha baada ya Misa. "Frateri, huko vijijini unakokwenda hutanipatia binti wa kazi? Asiwe mkubwa sana, wakubwa wanasumbua." Nikamwambia nitaangalia. Wala sikuona ubaya wowote.

Baada ya wiki mbili familia moja ilinionyesha binti yao, wakasema ana miaka 15. Alikuwa mrefu, nikaamini. Mama yake alipokuwa akitafuta kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, alimwaga vyeti vyote mezani, na hapo ndipo nikaona cheti cha ubatizo cha yule binti. Alikuwa na miaka 12. Wazazi wale si watu wabaya. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani. Lakini mimi sikuwa nimeuliza chochote. Bila bahati ile, ningempandisha basi kwa mkono wangu.

Niliporudi seminarini nilisoma sheria. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Umri unaoruhusiwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 5, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake, wala kumzuia kuhudhuria shule. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani, melini au mahali pengine penye hatari, hata kama ni shambani au kwenye shughuli isiyo rasmi. Sisi wa Manyara, wenye Mirerani mkoani kwetu, hatuhitaji kuelezwa mgodi ni nini.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza pia kumfanyisha mtoto kazi za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mfikirie binti anayeamshwa saa 10 alfajiri awashe moto na kuchemsha chai ya nyumba nzima.

Nani anapaswa kuthibitisha?

Hapa ndipo niliposhtuka. Kifungu kile cha 5 hakimgusi mwajiri peke yake. Kinamgusa pia anayemtafutia mtoto kazi: dalali, shangazi, frateri. Shauri likifika mahakamani na umri ukabishaniwa, aliyemwajiri au kumtafutia kazi ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alichunguza, na baada ya kuchunguza alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto hakuwa chini ya umri. Kusema "sikujua" au "alionekana mkubwa" hakutoshi.

Basi tuchunguze vipi? Omba cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, omba kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Kikipotea, kitabu cha ubatizo kipo parokiani. Ulizia shuleni aliposoma. Usitegemee kitambulisho cha NIDA kwa mtoto, maana hutolewa kwa waliofikisha miaka 18. Kwa mgeni kutoka nje ya nchi, sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inadai awe na kibali cha kazi kabla ya kuanza.

Ukishathibitisha, andika. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, anwani, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, saa za kazi na mshahara. Ukitokea mgogoro na mwajiri akawa hana karatasi, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana.

Ujinga usio na udhuru

Katika falsafa ya maadili tunafundishwa kwamba kuna ujinga wa aina mbili. Upo ule ambao mtu hawezi kuuondoa hata akijitahidi. Huo unampunguzia lawama. Na upo ule ambao angeuondoa kwa swali moja tu, lakini hakuuliza kwa uvivu au kwa sababu jibu lingemharibia mpango. Huo haumwokoi. Naona sheria yetu imesimama mahali palepale: haiishii kuuliza kama ulijua, inauliza kama ulitafuta kujua. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alionya watoto wasiingizwe viwandani kabla miili na akili zao hazijakomaa. Jikoni kwetu si kiwanda, lakini mwili wa mtoto ni uleule.

Yule mama nilimweleza ukweli, akanuna. Baadaye alimpata dada wa miaka 22, kwa mshahara mkubwa kuliko aliokuwa ameupanga. Binti yule yuko darasa la sita. Shida ya mahindi nyumbani kwao haijaisha, na hilo ni letu sote kwenye jumuiya kulibeba. Lisibebwe na yeye peke yake.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, mkituagiza mafrateri binti wa kazi, mtuagize na swali pia: ana miaka mingapi, na cheti kiko wapi?