Imani na Shauri la Nyumba

Wazee walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ndoa za Kilosa na Mikumi nazo hugongana. Kilosa ni mji wa wakulima na wa reli. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Mume akikaa safarini majuma mengi, au mavuno yakipungua, magomvi huingia nyumbani.

Yapelekwe wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetoa jibu. Isipokuwa kwa sababu chache maalumu, haimruhusu mtu kuomba talaka mahakamani mpaka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Tena sheria imempa Waziri uwezo wa kuiteua kamati ya jumuiya fulani iwe baraza la watu wake. Hivyo mabaraza ya dini nayo yamepata nafasi.

Sisi twaona hekima katika jambo hilo. Aliyefunga ndoa mbele ya Mungu hatamsikiliza mshauri anayeidharau imani yake. Sala, toba na msamaha ni dawa aliyo nayo tayari nyumbani. Mshauri mwema huanza kwa kumwuliza ni nini kilichomtia nguvu siku za msiba.

Lakini dawa hutolewa kwa kipimo. Msuluhishi hana haki ya kumwambia mke apigwaye kwamba astahimili, ati ndivyo dini itakavyo. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo chasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenziwe wa ndoa. Wala aliyepatwa na maradhi ya akili asiachiwe maombi peke yake. Apelekwe hospitali, na maombi yamfuate huko.

Kwa hiyo twawaomba masheikh, mapadre, wachungaji na wajumbe wa mabaraza: msikilizeni kila mmoja peke yake, kisha wote wawili pamoja, kisha wazee wa pande zote mbili, wala watoto wasisahauliwe. Penye kipigo, polisi waitwe bila kuchelewa. Na upatanisho ukishindikana, toeni hati yenu bila kinyongo. Kumnyima mtu hati hiyo kwa jina la dini hakuiponyi ndoa yake. Ni kumfungia mlango wa mahakama.