Kima Punju na Mkungu

Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na manywele meupe yanayozunguka uso mweusi, hana makao ya asili popote duniani isipokuwa kisiwa cha Unguja na visiwa vidogo vya jirani kama Uzi, naye amewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Mkungu, ambao kila mkaazi wa pwani anaujua kwa matawi yake yaliyotandaa ngazi juu ya ngazi na majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kupukutika, umeenea katika fukwe za nchi za joto kote duniani.

Bahari ina sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Kungu, yaani tunda la mkungu, lina ganda jepesi linaloelea majini, popo hulibeba nchi kavu, na watu nao wameupanda mti huo kwa ajili ya kivuli. Lakini kima, ambaye jike lake huzaa mtoto mmoja kwa wakati, hawezi kuvuka maji msitu wake unapofyekwa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata kima zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na hao ndio takriban spishi nzima.

Jambo la kustaajabisha zaidi hutokea mashambani, pembezoni mwa Msitu wa Jozani, ambako kima hula majani ya mikungu na miembe. Tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huyachachusha majani, ila majani hayo, ingawa yana lishe, yana pia fenoli, kemikali ambazo mti huzitengeneza kujikinga na walaji na ambazo huzuia protini isimeng'enywe. Mwaka 1997 mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walieleza kwamba kima hao hula mkaa, wakiuokota kwenye matanuri na magogo yaliyoungua, na majaribio ya maabara yalionesha kuwa mkaa huo hunasa fenoli.

Si sahihi, hata hivyo, kuuchukua ustadi huo kuwa ithibati kwamba kima anaweza kuishi bila msitu, kwani mkaa wenyewe hutokana na miti iliyokatwa. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyoanzishwa mwaka 2004, hailindi makundi yote. Yaliyo nje hutegemea vichaka vya maweni vinavyokatwa kwa kuni na ujenzi, pamoja na miti ya wakulima, ambao kwa haki wanastahili kugawiwa sehemu ya viingilio vya watalii wanaokuja kumtazama mnyama huyo.