Ukiingia Chuo Kikuu na Maradhi, Usiyafiche

KILA vyuo vikuu vinapopokea wanafunzi wapya, wazazi hushughulika na karo, godoro na chumba cha kukodi. Jambo moja husahaulika: mwanafunzi mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu ataishi vipi huko? Katika shule ya upili alikuwa na walimu na matroni wa kumwangalia. Chuoni hakuna anayemjua. Wengi hunyamaza wakiogopa kuchekwa au kuonekana mzigo. Msomaji mpendwa, kunyamaza huko huwaangusha wengi mitihani, na pengine huyatia maisha yao hatarini.

Tazama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor. Mahali hapo palianza kama taasisi ya elimu ya Kiislamu, maarufu kwa jina MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Mwaka 1966 ikageuzwa chuo cha ufundi, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Leo wanasoma hapo vijana wa kila dini na kabila. Lakini kumkaribisha mtu ni zaidi ya kumpa nafasi ya kusoma. Ni lazima pia aweze kupanda ngazi, kusikia mhadhara na kupata matibabu.

Haki yako kisheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya au ulemavu. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, kufika mahali pa umma bila taabu, na kutumia lugha ya ishara au breli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza mtu kunyimwa nafasi ya masomo kwa ajili ya ulemavu peke yake. Mahali pake pamechukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Kwa hivyo unapoomba msaada huombi hisani.

Ugonjwa wa selimundu

Ulemavu mwingine hauonekani kwa macho. Selimundu, ugonjwa unaopatikana sana pwani yetu, hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Uchovu, maambukizo, baridi kali na upungufu wa maji mwilini huweza kuyaamsha maumivu hayo. Katika joto la kaskazi, mwanafunzi huyu anahitaji chupa ya maji mkononi na ruhusa ya kutoka darasani kwenda msalani. Mhadhiri asiyejua humwona mvivu.

Ukiwa na ugonjwa huu, muulize daktari kuhusu dawa ya hydroxyurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Ukipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali mara moja. Hapa kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Pwani.

Kifafa si pepo

Kifafa hutokana na hitilafu katika utendaji wa ubongo. Hakiambukizi, na povu la mgonjwa halina madhara. Kukesha kusoma na kuruka dawa ni mambo mawili yanayoweza kuleta kifafa hata kwa aliyekaa miezi mingi bila kuanguka.

Mwenzako wa chumbani akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo laini chini ya kichwa na umlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko kinywani wala kumshika kwa nguvu. Tazama saa: kikipita dakika tano, au kikirudia kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali.

Mwezi wa Ramadhani, mwenye kifafa, kisukari au selimundu amwone daktari kabla ya kufunga. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Wenzake wasimtazame kwa jicho baya.

Chumba na darasa

Wanafunzi wengine hukodi vyumba Mji wa Kale. Nyumba nyingi huko ni za ghorofa, ngazi zake nyembamba na zimesimama, na vichochoro vingine gari haliingii. Mwenye magongo, kiti cha magurudumu au ugonjwa wa moyo atafute chumba cha chini, karibu na barabara ambako tuktuk hufika. Chuoni, mhadhara ukipangwa ghorofani, yafaa uhamishwe chini. Mwenye usikivu hafifu akae mbele, na mhadhiri asizungumze akiwa ameelekea ubao.

La kufanya wiki ya kwanza

Kwanza, pata barua ya daktari inayotaja maradhi yako, dawa zako na unachohitaji: muda zaidi wa mtihani, maandishi makubwa au chumba cha chini. Pili, ipeleke kwa mkuu wa wanafunzi na zahanati ya chuo, nawe ubaki na nakala. Tatu, kama una ulemavu, jiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa hospitalini. Nne, mwambie mtu mmoja unayemwamini la kufanya ukizidiwa, na umpe nambari ya simu ya nyumbani. Tano, ukiugua siku ya mtihani, toa habari siku hiyo hiyo na uchukue cheti cha hospitali. Ukinyamaza, utahesabiwa hukufika.

Nawe mzazi, usimfunze mwanao kuficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.