Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Mwaka 1975 klabu ya New York Cosmos ilimsajili Pelé. Mwaka 1977 akafuatwa na Franz Beckenbauer. Viwanja vilifurika. Vilabu vingine vikaiga gharama hizo pasipo mapato ya kuzimudu, na baada ya msimu wa 1984 ligi ile, NASL, ikafa.

Ligi ya sasa, MLS, ilianza mwaka 1996 ikiwa na kikomo cha mishahara. Mwaka 2007 ikalegeza kanuni ili David Beckham aingie. Mwaka 2023 akaja Lionel Messi. Sikatai kwamba nyota huvuta watazamaji. Hata hivyo, mche hustawi kwa kutunzwa. Alphonso Davies, mtoto wa wakimbizi wa Liberia aliyezaliwa kambini nchini Ghana, alifunzwa na Vancouver Whitecaps ya Kanada, akaingia MLS mwaka 2016 akiwa na miaka 15, kisha akanunuliwa na Bayern Munich.

Wazazi wenzangu, ada za timu za vijana nchini Marekani huwafungia mlango watoto wengi wa wahamiaji. Mshahara wa nyota mmoja ungewalipia wangapi? Mgeni na akaribishwe, lakini watoto wa nyumbani wasilale njaa.