Chandarua Kisafiri kwa Meli

Mwaka 2007, kufuatia mlipuko wa malaria, nyumba za wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, zilianza kupuliziwa dawa ya mbu kwa ufadhili wa Shirika la Misaada la Marekani (USAID). Msaada huo uliokoa maisha. Hata hivyo, dawa na vyandarua vya msaada husafirishwa kwa mafuta, nayo mafuta huacha hewa ya ukaa angani. Joto likizidi, mbu wa malaria hustawi hata katika nyanda za juu.

Mwaka 2022 shirika hilo lililenga kusaidia dunia kupunguza tani bilioni 6 za gesijoto ifikapo 2030. Julai 2025 likasitisha kazi zake. Somo lingali hai: kinachofaa kupunguzwa si chandarua, bali safari ya ndege. Kwa uzito na umbali uleule, ndege hutoa hewa ya ukaa zaidi ya mara 20 ya meli, na mara nyingi mzigo hupandishwa ndege kwa sababu uliagizwa kwa kuchelewa.

Hivyo, mhudumu wa zahanati ya Bukoba au Muleba anayetuma taarifa sahihi ya akiba mapema huilinda anga, na humhakikishia mgonjwa dawa siku anapoihitaji.