KUVUKA BAHARI SI KUIJUA LUGHA

Wako watu wengi wanaodhani kwamba mwanafunzi akipelekwa ng'ambo, lugha ya huko humwingia yenyewe, kama mvua inavyomlowesha mpita njia. Sisi twaona kuwa dhana hii ni kweli nusu tu, na nusu ya pili yapasa kuelezwa.

Mwaka 1967 mtaalamu wa Marekani, John B. Carroll, alitoa matokeo ya mitihani ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi yake waliokuwa wakihitimu katika lugha za kigeni. Waliopata kukaa katika nchi ya wenye lugha, hata kwa muda mfupi, kwa jumla waliwashinda wenzao waliobaki darasani. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba faida kubwa huwa katika usemaji: ulimi huwa mwepesi, na kusitasita hupungua. Sarufi haipandi kwa kasi hiyo.

Lakini safari peke yake si mwalimu. Chuo Kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kilipokea vijana wengi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wasiojua Kirusi. Hawakuingizwa mara moja katika udaktari au uhandisi. Kwanza walifundishwa lugha katika kitivo cha matayarisho, ndipo wakaanza masomo yao. Msingi ulitangulia, na maisha ya kila siku yakajenga juu yake.

Hata hivyo, vijana wawili waliokaa mji mmoja miaka sawa waweza kurudi na lugha zisizolingana. Mmoja hula na kutembea na wenyeji. Hukosea, husahihishwa, hujifunza. Wa pili hujifungia na wenzake wa kwao, na siku hizi hukesha akizungumza na nyumbani kwa simu. Kuwakumbuka ndugu si kosa. Kosa ni kuishi ugenini kama kwamba hukuondoka kwenu.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi asiyemwelewa vema mwalimu wake aweza kurudi na cheti, na elimu ikabaki huko huko. Nayo gharama imetoka katika jasho la wazazi au kodi ya wafanyakazi.

Kwa hiyo twawasihi wanaopeleka vijana wawape kwanza msingi wa lugha, na vijana wenyewe wasione haya kukosea mbele ya wenyeji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.